Dawa ya Kikohozi cha Mashini

Jumatatu, tarehe 1 Septemba

Mke wangu Emerance hajarudi. Hajapiga simu pia. Mimi sikupiga, maana aliyeondoka ndiye anayepaswa kupiga. Nimeishika simu mkononi mchana kutwa, asije akapiga nikakosa kusikia.

Mashini imesaga mahindi ya watu wawili tu. Moshi wa bluu ulitoka dirishani, ukavuka barabara, ukaingia kwa Kamate. Angalau kuna kitu changu kinachomtembelea Kamate. Yeye pia ana mashini ya kusaga, ndugu ya hii yangu, tuliziagiza siku moja. Ya kwake haitoi moshi. Mabeseni ya wateja wake yamepanga mstari hadi mlangoni kwangu! Mama mmoja aliomba kuketi kivulini kwangu akingoja zamu yake ya kwa Kamate. Nikampa kiti. Tuliongea vizuri sana, habari za mvua, habari za watoto. Alipoitwa akaenda.

Nimekuwa nikiyatafakari maneno ya Emerance ya siku ile alipofunga mizigo kwenda kwa kaka zake Mahagi-Port. Alisema, akiniita kwa jina la binti yetu aliyeolewa: "Papa Séphora, mashini ikikohoa, unaamuka. Miye nikikohoa, unalala." Maneno mazito. Leo nimeyaelewa hatimaye. Anataka mashini iache kukohoa.

Jioni nimepika ugali wa watu wawili tena. Mkono haujazoea.

Jumanne, tarehe 2 Septemba

Mungu hamtupi mja wake! Amekuja kijana mmoja juu ya moto, yaani pikipiki, amevaa tai, anaitwa Prince. Anauza chupa nyekundu, jina lake "Moteri Kijana". Unaichanganya na mafuta ya injini, na injini inarudi ujanani. Moshi unakwisha, kelele zinapungua, mazuti, yaani dizeli, yanatumika kidogo. Inafaa magari, moto, mashini za kusaga, hata trakta. Anasema wakulima wa Bogoro wote wanaitumia. Nikamuuliza nani hasa. Akasema wote. Mtu wa uongo angetaja mmoja.

Prince alikunywa chai, akaketi kwenye kiti cha Emerance. Nilitaka kumkataza, halafu nikaona ni vizuri kiti kiwe na mtu. Alikaa mpaka birika likaisha. Nikanunua chupa nne.

Alinishauri kwanza nifanye vidange, yaani nimwage mafuta ya zamani niweke mapya. Mara ya mwisho nilifanya kabla ya Pasaka. Sikumwambia Pasaka ipi. Yalitoka mazito, meusi, yanavutika kama uji wa mtama. Nikabadilisha chujio, nikaweka mafuta mapya, juu yake nikamimina chupa moja.

Nikaiwasha. Ajabu! Moshi umepungua! Sauti imeshuka! Nimeketi mbele yake nikaisikiliza hadi machozi yakanilengalenga. Chupa moja tu! Mafuta mapya hayo ni maji ya kumezea kidonge.

Jumatano, tarehe 3 Septemba

Kamate amevuka barabara. Alitaka kujua nimefanya nini. Nikamwonyesha chupa. Akaigeuza, akaitazama chini, akauliza kama nilifanya vidange. Nikasema ndiyo, kwa kawaida. Akacheka. Akasema basi iliyoponya mashini ni vidange, chupa imepewa sifa za bure. Yeye humwaga mafuta kwa wakati wake, huweka yale yanayotakiwa, haongezi kitu. Tena akaongeza kwamba moshi uliobaki ni segma, zile pete za pistoni, zilizolika, na kwamba moshi huo utarudi. "Segma yako imekwisha, Papa Séphora. Hakuna dawa ya segma. Badirisha." Akasema kitu kizito kikitiwa ndani kinauficha ugonjwa siku mbili tatu tu.

Wivu mtupu! Anaona wateja watahama.

Ila hawajahama bado. Lazima wajulishwe.

Alhamisi, tarehe 4 Septemba

Nimeandika ubao, herufi kubwa, rangi nyekundu ya chupa: HAPA MASHINI IKO NA DAWA! KUJENI MUONE!

Nimeutundika juu ya mlango. Watu wanasimama, wanasoma, wanasoma tena. Tangazo linafanya kazi.

Ijumaa, tarehe 5 Septemba

Hakuna hata beseni moja. Watu wanapita upande wa pili wa barabara. Mwanamke mmoja alimziba mtoto wake macho.

Saa za asubuhi akaja Mama Bijou, kiongozi wa akina mama wa kanisa letu, na wenzake wawili. Hawakuingia. Walisimama nje wakaimba wimbo mzima, ndipo Mama Bijou akaniuliza, kwa upole, ni dawa gani hiyo niliyoweka ya kuvuta wateja. Na nimeilipia kwa nani.

Sikuelewa. Akauliza tena, pole pole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa: "Papa Anaclet, bibi yako iko wapi? Tangu mwezi wa saba hatumuone."

Yesu wangu! Mtaa mzima unadhani nimemtoa Emerance sadaka nipate wateja! Na wateja wenyewe wako wapi? Hilo hakuna aliyejiuliza.

Nikaleta chupa. Ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu ni nyekundu. Basi ikabidi nipige simu, hapo hapo, sauti ikiwa wazi kwa wote. Emerance akapokea. Mama Bijou akamsalimu, akamuuliza kama yuko hai. Akajibu: "Miye niko muzima, mama. Bwana yangu ndiye sijue." Wanawake wakacheka na kumshukuru Mungu.

Nilikuwa sijaisikia sauti yake muda huo wote. Nilisahau yote niliyotaka kusema. Nikamwambia moshi umepungua. Kisha akaniuliza, mbele ya watu wote: "Utakuja kunichukua lini?"

Nikasema mashini ikimaliza kupona.

Simu ikakatika. Mtandao wa hapa! Mama Bijou akanikumbusha kama mtoto wa katekisimu: mke akienda kwao, mume ndiye huenda kumtoa. Mbuzi mbele, mume nyuma. Kaka wanapokea mbuzi, wanamsema mume mpaka waridhike, mke anafunga mizigo. Hakuna anayeuliza habari za moshi. Nikamwambia kila ndoa ina mambo yake.

Nimefuta ubao. Bado hawaji. Wanasema unga wangu una dawa.

Jumamosi, tarehe 6 Septemba

Moshi umerudi. Kidogo. Nani ameuona? Kamate. Alikuwa mlangoni kwake, mikono kifuani, akiufuata kwa macho. Afadhali angecheka.

Nimefikiri kwa makini. Chupa moja ndani ya mafuta mengi ilileta uponyaji nusu. Basi mafuta ndiyo yanayoidhoofisha dawa. Nikimwaga mafuta mengi na kuweka chupa tatu zilizobaki, uponyaji utakuwa kamili. Nashangaa Prince hakuliona hili. Lakini yeye ni muuzaji, mimi ni mtu wa mashini.

Nimemwaga. Nimemimina. Zilishuka taratibu kama asali. Kesho ni siku ya Bwana, naiacha ilale nazo.

Jumatatu, tarehe 8 Septemba

Nimeiwasha. Ilikuwa kimya kuliko siku zote! Bila moshi! Nilikimbilia simu nimpigie Emerance asikie. Kabla sijalipata jina lake nikasikia mlio mmoja, kama sufuria iliyoanguka ndani ya kisima. Kisha basi.

Haizunguki. Nimevuta mkono wa kuwashia mpaka bega likalia. Pistoni imeng'ang'ania silinda, imekuwa chuma kimoja. Uji ule mzito wa chupa haukupanda juu kulainisha kitu, ulikaa chini ukitazama.

Sasa nyumba imenyamaza. Sikujua kwamba kelele zile ndizo zilizokuwa zinaijaza. Nasikia kuku wa jirani wakitembea. Nasikia saa ya ukutani, na nilidhani ilikufa zamani. Nimewasha redio, nikaizima, maana watu wa redio hawanijibu.

Nina upweke. Naandika neno hili hapa kwa sababu hakuna wa kumwambia.

Jumatano, tarehe 10 Septemba

Kamate amekuja na sahani ya sombe, majani ya muhogo, kutoka kwa mke wake. Nilijiandaa kuchekwa. Hakucheka. Aliifungua mashini, akaingiza kidole, akakinusa, akakipangusa kwa kitambaa. Akasema tutaihangaikia baadaye, chuma kinangoja, mwanamke hangoji. Ijumaa anapeleka lori Mahagi-Port kuchukua makayabo, samaki wa chumvi. Barabara inapitika wiki hii. Kuna nafasi mbele, kando yake. "Nunua mbuzi, Papa Séphora. Panda. Tumurudishe mama."

Miaka yote hii nimemhesabu mtu huyu kuwa adui.

Nimenunua mbuzi. Dume, jeupe, lenye dharau. Nimelifunga kwenye mguu wa kiti cha Emerance. Jioni nimekula nikimtazama, naye akinitazama. Nilimweleza habari za kaka za Emerance, jinsi wanavyosema kwa zamu. Hakunikatiza hata mara moja.

Ijumaa, tarehe 12 Septemba

Niko Nizi, kando ya barabara. Naandika nikiwa nimeegemea tairi. Nieleze kwa mpangilio.

Asubuhi Kamate aliingia ndani kumuaga mke wake na kunywa chai. Nikabaki na lori. Lori zuri, lakini si jipya. Moyo wangu ulijaa shukrani. Nikajiuliza, nitamlipa nini mtu huyu? Na chini ya kitanda changu kulikuwa na chupa ya tano, zawadi ya Prince kwa mteja mwema!

Kwenye injini sikuweza, kwa sababu iko chini ya kabini na kabini ilikuwa imefungwa. Lakini kifuniko cha tangi la mazuti kilikuwa wazi kwa kila mtu. Nikawaza, mazuti yanaingia injini, mafuta yanaingia injini, yote yanakutana ndani. Nikamimina. Sikusema kitu. Zawadi haitangazwi.

Tuliondoka tukiimba. Niliiona milima nikafurahi kama bwana harusi. Nilivaa shati la kola, lile ambalo Emerance hulipenda. Tulipoikaribia Nizi lori likaanza kukwama kwama. Likavuta, likakataa, likavuta, likazima.

Kamate akafungua chujio la mazuti. Lilikuwa limezibwa na uji mwekundu. Akautazama. Akanitazama. Nikasema labda mazuti ya siku hizi. Alifunga macho, midomo ikicheza, nadhani alisali. Halafu akauliza tu: "Chupa ngapi?" Nikasema moja. Akajibu asante Mungu, akalala chini ya lori kufungua tangi.

Sasa hapa ndipo penye jambo. Ilipita taksi ya kwenda Mahagi-Port, imejaa, nafasi moja tu. Dereva anafahamiana na Kamate, anawajua hata shemeji zangu. Kamate akatoka chini ya lori, uso umejaa matope, akanifungulia mlango. Akasema niende na mbuzi miguuni, yeye atabaki na lori lake.

Mguu mmoja niliuweka ndani, kweli. Lakini nikawaza, nikiondoka sasa nitaonekana mkosaji. Tena nani atamwonyesha Kamate ugonjwa ulipo? Mimi ndiye niliyeweka dawa, mimi ndiye ninayeijua. Nitamfikiaje Emerance na kumwambia nimeacha injini mahututi barabarani? Nikautoa mguu. Nikambeba mbuzi, nikamketisha mahali pangu. Nikamwagiza dereva amfikishe kwa shemeji zangu, aseme mimi nafuata.

Kamate akapiga kelele jina langu, lakini taksi ilikuwa imekwisha kuondoka. Mbuzi alikuwa dirishani. Hakugeuka.

Jumamosi, tarehe 13 Septemba

Emerance amepiga simu! Yeye mwenyewe! Nilisimama kwa furaha, nikajigonga kichwa kwenye bodi ya lori.

Hakuniuliza hali. Alisema: "Mbuzi imefika. Weye uko wapi?"

Nikamweleza yote, vizuri, bila haraka. Nizi, chujio, tangi, Kamate chini ya lori, mimi nikimpa spana. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia jinsi ilivyokuwa kwao. Kaka zake walimpokea mbuzi, wakatazama nyuma yake. Hakuna mtu. Wakasema labda amesimama kujisaidia. Mama yake akapika chai ya mkwe. Yeye akavaa kitenge kipya, akafunga mizigo, akaketi juu yake. Waliingoja barabara mpaka giza likaifunika. Chai wakampa jirani.

Alisema mbuzi atabaki kwao. Na yeye pia.

Hakupandisha sauti. Nilimwambia mambo mawili zaidi kabla sijagundua kwamba simu ilikuwa imekatwa, na safari hii mtandao ulikuwa kamili.

Nimelia. Kamate alijifanya anatafuta kitu kwenye boksi la spana, akatafuta muda mrefu sana, kisha akasema nitembee nipate hewa.

Nimetembea mpaka mahali penye mtandao mzuri, nikampigia Prince. Mimi si mtu wa kukata tamaa. Nimemweleza kilichotokea, naye akapiga kelele ya uchungu. Kumbe chupa nyekundu ni ya mafuta ya injini peke yake! Ya mazuti ni ya kijani! Ni kitu kingine kabisa! Kwa hiyo dawa haina kosa hata kidogo, wala mimi sina. Ni rangi tu.

Nimeagiza mbili. Zitafika na moto ya kesho asubuhi. Moja nitaimimina kwenye tangi Kamate akienda kunywa chai. Nyingine nitampelekea Emerance mkononi, aione mwenyewe.