Boksi la Watu Wawili

Jumatatu, 3 Machi 2025
Leo nimeingia supamaketi mpya ya mjini kukwepa jua, nikatoka mtu mwingine. Kwenye friji, boksi. Ndani, chakula ambacho hakijapikwa lakini kimeshafikiriwa chote: nyama imekatwa, punje mbili za kitunguu swaumu zimemenywa, chumvi iko kwenye kifuko kama dawa. Na kadi ya maelezo: watu wawili, dakika ishirini. Nimesimama hapo hadi mlinzi akaniuliza kama naumwa. Nyumbani nimemsimulia mke wangu Yustina. Akauliza wanaonunua wana mikono ya nini. Hakuelewa.

Jumatano, 5 Machi
Nimeanzisha biashara yangu ya maboksi ya chakula. Maboksi ya viatu nimepewa na Fikiri, muuza viatu wa mtaa wa Ng'ambo. Mchele wa Igunga, uyoga mkavu na karanga za kusaga nimenunua sokoni kwa Bi Kuluthumu. Akauliza ni vya watu wangapi. Wawili, nikamjibu. Akauliza wawili wa wapi. Wivu wa biashara huo.

Alhamisi, 6 Machi
Mteja wa kwanza! Mwalimu Revocatus, mstaafu, jirani yetu hapa Gongoni. Mkewe alifariki mwaka jana; tangu hapo anaishi kwa chai na mkate. Jumamosi binti yake Imakulata anatoka Mwanza kuja kumchukua akaishi naye moja kwa moja, maana baba hawezi kujilisha. Mwalimu hataki kuiacha nyumba. Atampikia kwa mkono wake, ajionee. Nimemhakikishia kadi yangu haikosei. Sijawahi kupika, ila mwandiko wangu ni mzuri.

Jumamosi, 8 Machi
Imakulata kaja na mume, watoto watatu, mama mkwe na shangazi. Pamoja na Mwalimu na mimi, tisa. Mwalimu alinitazama, akalitazama boksi. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililonitoa mbio hadi sokoni.

Bi Kuluthumu alikuja na kapu. Mwiko hakuugusa. Alikaa mlangoni akamwelekeza Mwalimu: maji kidogo, sasa karanga, sasa nyanya chungu, koroga taratibu. Hakupima kitu. Kwa macho yangu niliona sufuria ya wawili ikiwa ya tisa, na harufu ikazidi. Mpaka sasa sijui ilikuwaje.

Imakulata alionja, akaweka kijiko chini. "Baba," akasema, "huu ni mchuzi wa mama."

 

Ndipo Bi Kuluthumu akaeleza kwamba marehemu alinunua kwake kila Jumamosi kwa miaka ishirini, na kila alichoweka kapuni anakikumbuka. Miaka ishirini ya mapishi ya nyumba moja, kichwani mwa mama mmoja, bila kadi! Alasiri gari la Imakulata likaondoka bila Mwalimu. Bi Kuluthumu atamwandalia kapu kila wiki.

Jumapili, 9 Machi
Yustina kanishauri nimwombe Bi Kuluthumu kazi ya kumpelekea wateja makapu. Nimekataa kwa upole. Nimetafakari misa nzima, kosa nimeliona: boksi lilikuwa dogo. Mwezi ujao kuna harusi Nzega, na nimeshawaahidi chakula chote ndani ya boksi moja la kabati. Wamealikwa wangapi, sijauliza. Kadi nimeshaandika: watu mia tatu.