Maharagwe Yaliyoogeshwa

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Kreti yangu imerudishwa! Kisa? Mdudu mmoja, mdogo kuliko ukope. Mkaguzi wa kikundi chetu cha wakulima, tunamwita Darubini kwa jinsi anavyoinamia kila haragwe, kasema huko ng'ambo wanakonunua maharagwe yetu machanga, yale ya kuliwa na maganda yake, hawataki mdudu, udongo wala mabaki ya dawa. Ya Ijumaa nayo ikikataliwa, jina langu linafutwa kikundini. Wifi yangu, yake imepita, kaniambia pole wifi, kilimo si kubembeleza mtoto. Pole gani hiyo ya kuonyesha meno!

Jumatano, tarehe 11

Kupiga dawa siwezi. Sheria inataka wiki nzima ipite kabla ya kuvuna, na kesho navuna. Nimeokota wadudu kwa mkono, mwanangu mgongoni. Kila nikikamata mmoja, mtoto anacheka. Raha yake, kiuno changu! Lakini nimepata wazo. Darubini anataka usafi. Mama wa mtoto mchanga afundishwe usafi?

Alhamisi, tarehe 12

Nimevuna. Nimeyaogesha kwenye beseni la mwanangu, kwa sabuni yake laini. Nikayafuta moja moja, nikayapaka poda. Yananukia! Sabuni ikaniishia, yaliyobaki nikayaficha ndani ya kreti, chini kabisa. Mama mkwe kachungulia, kauliza haya ni maharagwe au bibi harusi. Nikamwambia mama, subiri kesho.

Ijumaa, tarehe 13

Darubini kafungua kreti. Kanusa. Chafya tatu! Kauliza ni nani kamlaza mtoto mchanga humu. Wifi kacheka hadi kakaa chini. Kumbe sabuni nayo ni mabaki, poda ni mabaki, hata maji tu yanayaozesha njiani! Nikaangua kilio, mwanangu akanipokea kwa kilio chake. Darubini kachimba hadi chini, katoa haragwe ambalo halijaoga. Safi, limenyooka, halina mdudu. Kasema binti, shamba lako halina neno, ila mikono yako ina mapenzi mno. Kanipa hadi Jumatatu. Nichume mistari iliyobaki shambani, nilete maharagwe kama yalivyo. Wifi, kicheko kimemwisha, kasema mlete huyo mtoto, nitambeba mimi wewe uchume. Wifi huyu huyu!

Jumatatu, tarehe 16

Imepita! Jina langu limebaki! Nimembusu mwanangu, nimembusu wifi, nusura nimbusu Darubini. Kaniapisha mbele ya kikundi kizima: chuma, lete, basi. Nikaapa, tena kwa mkono wa kulia. Kisha katangaza kwamba msimu ujao wanunuzi wanataka bamia.

Bamia! Nimekwenda kuzitazama za mama mkwe nyuma ya jiko. Zina ndevu! Watu wenye masharti kama wale watakula kitu chenye ndevu? Darubini hilo hajaliwaza, masikini. Nimechukua wembe wa baba mtoto, nimeinyoa moja kwa majaribio. Laini kama shavu la mwanangu!