Filthi Klini

Jumatatu, 3 Machi
Madam Povu, dobi mwenzangu wa ng'ambo ya barabara, kaweka kibao. Kiingereza kitupu: SUPA KLINI. Na tulianza wote kwenye beseni moja! Siku hizi ananisalimia kwa kidevu. Mwenye gesti kapita, kakisoma, kasema Ijumaa anachagua dobi wa kumfulia mashuka yote. Mie wivu sina. Ila chai imenishinda.

Jumanne, 4 Machi
Mungu si Athumani. Mteja alikuwa anaongea na simu. Sikuwa namsikiliza, masikio yalikuwepo tu. Kasema shemeji yake ni filthi richi. Nikamuuliza ndiyo nini. Ati tajiri wa kupindukia. Richi naijua, ni tajiri. Basi filthi ni kupindukia. Povu akae na supa yake.

Jumatano, 5 Machi
Mchora vibao kaniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nikamwambia apake rangi, Kiingereza aniachie mie. Herufi nyekundu, zinazishinda za Povu kwa unene: FILTHI KLINI. Chini yake: MASHUKA YAKO YATATOKA FILTHI. Roho kwatu.

Alhamisi, 6 Machi
Watu wanasimama kupiga picha kibao changu. Povu kacheka mpaka kakaa chini. Kijicho hicho. Leo nimemsalimia mie kwa kidevu.

Ijumaa, 7 Machi
Mwenye gesti kaja. Kasoma. Kasoma tena. Kavuka barabara na mashuka yake. Binti wa dada yangu, msomi wetu, kaniambia, mama mdogo, filthi ni chafu, chafu la kunuka. Nikamuuliza, kwani yule shemeji tajiri ananuka? Ati kwa tajiri ni sifa. Neno gani hili, lina nyumba mbili kama mume wa mtu? Jioni Povu kaniletea chai, ati pole shoga. Chai tamu kweli. Ndiyo inayoniuma.

Jumamosi, 8 Machi
Kibao nimekifuta. Lugha za watu basi tena.

Mchana kapita muuza mitumba, ananadi: dati chipu, dati chipu! Nikamuuliza. Ati rahisi isiyo na mfano. Chipu naijua, ni rahisi. Basi dati ni isiyo na mfano. Na nasikia mablanketi ya gesti hayajapata dobi.

Nimemwita mchora vibao: MABLANKETI YAKO YATATOKA DATI. Safari hii kaniuliza mara tatu. Naye keshaanza wivu.