Shuka Mia Nne na Kumi na Mbili

Jumatatu, 4 Machi

Daftari, salamu nyingi. Mimi mzima. Baba watoto mzima, ila goti. Mama mkwe mzima, anasikia yale anayotaka kuyasikia. Kitinda mimba mzima, jino tu. Binti yangu mkubwa mzima wa mwili. Roho ndiyo ina homa.

Homa yenyewe ni utafiti wa chuo. Anapima eti mfanyakazi akitunzwa, kazi inaongezeka au vipi. Juu ya karatasi kaandika: usimamizi wa rasilimali watu na utendaji wa taasisi. Kumbe mimi ni rasilimali! Miaka kumi na tisa napiga pasi shuka za hospitali, hakuna aliyeniambia.

Anatupima sisi. Chumba cha pasi ninachokisimamia mimi kitapata mafunzo, mapumziko ya chai na sifa. Chumba cha pili, anachokisimamia wifi yangu, kitaachwa vilevile. Shuka moja ikinyooka, mstari mmoja kwenye karatasi. Ijumaa analinganisha. Bila majibu, mwaka huu hahitimu.

Kanisihi: mama, fuata nilivyoandika, usiongeze chochote. Nikamwambia sawa.

Nitaongeza kidogo tu.

Jumanne, 5 Machi

Nimewasifu kina mama. Mmoja mmoja, tangu utoto wao. Yule tunayemwita Mkwara alilia, nikambembeleza. Wenzake wakaja kumbembeleza. Pasi zikapoa.

Shuka mia moja na arobaini. Kabla ya kusifiwa walikuwa wanafika mia mbili. Ee Mungu!

Wifi alipita mlangoni akauliza kama tuna msiba.

Jumatano, 6 Machi

Leo sifa nimezifupisha. Umefanya vizuri, endelea. Tukafika mia moja na tisini.

Lakini mapumziko yakaniharibia. Tunakunywa chai, ukutani nasikia chumba cha pili wanakohoa kwa mvuke. Hawana hata maji! Nani kasema utafiti uue watu? Wifi alipotoka kwenda stoo nikapenyeza birika dirishani. Na sifa mbili tatu. Na ile mbinu ya kukunja pembe aliyotufundisha mwalimu wa mafunzo. Ni watoto wa watu wale.

Alhamisi, 7 Machi

Balaa! Chumba cha pili: mia mbili na sitini. Sisi: mia moja na themanini na tano.

Wifi kasimama katikati ya ua, mikono kiunoni. Kasema wengine wanabembelezwa kama mayai, wa kwake wanafanya kazi kwa macho yake tu. Kasema usimamizi mtu huzaliwa nao. Na birika langu bado liko chini ya meza yake!

Binti kaziangalia karatasi. Kisha akasema kwa upole kwamba pengine kumtunza mtu hakusaidii chochote. Mwanangu mwenyewe! Nimemlea kwa nini basi, kwa fimbo?

Haiwezekani. Kesho lazima.

Ijumaa, 8 Machi

Nilipanga hivi. Shuka iliyonyooka, ikunjue. Ipige pasi tena. Chora mstari tena. Mkwara akauliza kama huo si uongo. Nikamjibu kwamba jasho ni la kweli, pasi ni ya kweli, uongo uko wapi?

Mia nne na kumi na mbili! Tulipiga vigelegele.

Pia walijaza yale madodoso: je, msimamizi wako anakujali? Nilisimama nyuma yao wasije wakapotea njia. Wote wamenipa tano kwa tano.

Binti akaenda stoo. Akarudi polepole. Hospitali nzima ina shuka mia tisa, nusu zimelaliwa, na chumba cha pili leo kimechukua mia mbili na hamsini. Akaniuliza, mama, zile nyingine mmezipiga pasi na wagonjwa ndani yake?

Nikakiri. La shuka. Halafu la birika, maana lilikuwa linanichoma. Akaketi juu ya kapu la nguo chafu. Nilidhani anacheka. Alikuwa analia. Akasema alikuwa na vyumba viwili tu duniani, na vyote nimevitunza.

Jumatatu, 11 Machi

Afadhali! Mwalimu wake wa chuo kamwongezea wiki mbili. Anaanza upya Jumatano, kwenye kiwanda cha mikate, mbali na mimi. Nimeapa mbele ya baba yake sitakanyaga huko. Nimejifunza, nikasema, na machozi yakanitoka.

Sitakanyaga. Ila msimamizi wa huko tulisoma naye kisomo cha watu wazima. Barua naiandika hapa kwanza, kesho niinakili vizuri:

Shoga yangu, salamu kwako, kwa mzee, kwa watoto wote na mapacha. Binti yangu anakuja kuwapima. Kuna kundi litaachwa bila kutunzwa, na roho yangu haitatulia. Nawafumia masweta. Najua tanuri lina moto, lakini jioni wanatoka na jasho, watapata kichomi. Nitajie wako wangapi na vifua vyao vina upana gani. Binti asijue. Nijibu upesi, sufu nimeshanunua.