Bei za Kericho na Bomet, Zilizokusanywa na Gekara

Jumatatu, 10 Novemba 2025
Barua imefika. Mimi na Onyancha wa mlango wa pili tumestaafishwa pamoja. Miaka thelathini na moja ya kuchuma chai! Sasa mashine inachuma, na nyumba za kampuni turudishe tarehe thelathini. Marcella, mke wa Onyancha, amelia njia nzima mpaka bombani. Nyabate wangu hakulia. Amechukua jembe dogo akaenda makaburini kupalilia maua kwenye kaburi la Nyamusi, binti yetu.

Mimi silii. Mimi nafanya utafiti! Nimechora daftari: Kericho kushoto, Bomet kulia. Watu huhama kwa hisia, halafu wanalala njaa. Gekara atahama kwa hesabu. Onyancha ameniuliza naelekea wapi. Nimemwambia bado naomba Mungu.

Jumatano, 12 Novemba
Kericho. Chumba kimoja, choo cha pamoja, elfu tatu na mia tano. Sijawahi kulipa kodi maishani, kwa hivyo sikujua kama hizo ni nyingi au ni kidogo. Nimezigeuza kuwa majani mabichi, kwa bei ya kilo waliyokuwa wakitulipa. Kilo mia mbili na sabini! Siku nane za mgongo. Pakiti ya majani ya chai, nusu kilo, ni kilo kumi na tisa. Nimesimama mbele ya ile rafu nikaona aibu. Pengine niliyachuma mwenyewe. Mwenye duka ameniuliza kama nimekuja kununua au kusoma.

Ijumaa, 14 Novemba
Bomet. Mwenye nyumba, mama mmoja anaitwa Drusilla, ametaka mia tatu kabla ya kufungua mlango. Ati ada ya kuangalia. Nimemwambia nitaangalia kupitia dirishani. Ameenda akafunga pazia. Nimelipa. Chumba ni elfu mbili na mia tano, na sukuma wiki ni nafuu kwa shilingi tano. Bomet inaongoza!

Nimerudi nikamkuta Nyabate ananingoja. Amepata chumba Mogogosiek, hapo tu nje ya geti la kampuni, nyuma ya posho mill, kile kinu cha kusagia mahindi. Elfu mbili na mia nane. Ameniambia ukisimama dirishani unaona ile miti mirefu ya makaburini. Mwenye nyumba anataka deposit ikifika Jumatatu.

Nimemweleza kwamba Mogogosiek si mji. Haimo kwenye daftari.

"Baba Nyamusi," amesema, "hiyo daftari yako, nauli ya kwenda kwa mtoto umeandika wapi?"

Sikuwa nimeiandika. Nimemwomba angoje nimalize utafiti. Amesema sawa. Ni ile sawa aliyosema siku kampuni ilipotupatia sanduku la kumzikia mtoto.

Jumapili, 16 Novemba
Nyabate ameenda makaburini peke yake. Nimebaki na daftari. Acha niandike ukweli, hakuna anayesoma. Mimi siwezi kuingia pale. Kwa miaka kumi na tisa nimeingia mara moja, siku tuliyomzika. Alikuwa na miaka sita. Kwetu mtu anazikwa nyumbani, lakini shamba la baba tuligawana ndugu saba, na fungu langu linatosha kuegesha baiskeli. Ndugu zangu walisema hata kaburi dogo halitaingia. Ndiyo maana amelala kwenye ardhi ya watu. Mtoto mwingine hatukupata. Inaniuma mpaka leo na Nyabate sijawahi kumwambia.

Basi! Kazini. Onyancha ameanza kunusa Bomet. Jana alimuuliza Nyabate nilienda kufanya nini huko. Kwa hivyo nimeandika daftari la pili, la uongo. Bomet, chumba elfu sita. Kericho, elfu nane. Mtungi wa maji, hamsini. Nimelisahau bombani kwa makusudi. Atalisoma, ataogopa, na chumba cha Drusilla kitakuwa changu.

Jumanne, 18 Novemba
Amelisoma! Amenirudishia kwa mikono miwili, macho yana machozi. Ameniambia nimemwokoa, kwa sababu alikuwa amefunga safari ya Bomet. Na kwa kuwa miji yote miwili imemshinda, jana alilipia chumba pale Mogogosiek, nyuma ya posho mill.

Nimekaa kwenye jiwe la bombani muda mrefu.

Nyabate ameambiwa na Marcella kwamba chumba kimechukuliwa. Nimeenda kwa Onyancha nikamweleza habari za kelele ya posho mill, vumbi la unga, panya. Amesema watazoea. Kitu kibaya ni lile dirisha tu, linaingiza baridi, wataliziba na kabati. Nilitaka kumwambia kwa nini tunalihitaji dirisha lile. Badala yake nikamuuliza kabati alinunua pesa ngapi.

Jumapili, 30 Novemba
Tumehama. Asubuhi Nyabate ameniomba twende makaburini wote wawili. Nimemwambia lazima nihesabu vyombo. Vilikuwa kumi na saba. Nimevihesabu mara nne. Amerudi na ua moja, limeng'olewa na mizizi yake, ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia. Getini askari amemwambia kwa upole kwamba kuanzia kesho atakuwa anaingia kwa barua ya ofisi.

Jumapili, 7 Desemba
Bomet. Dirisha letu linaangalia ukuta wa jirani. Ua liko hapo, limeanza kunyauka.

Leo nimempa Nyabate habari njema. Kila mwezi tunaokoa shilingi mia tatu kuliko chumba cha Mogogosiek! Nimengoja anisifu. Ameniuliza nauli ya kwenda Mogogosiek na kurudi ni ngapi. Nimesema mia nne.

"Mimi nilikuwa naenda kila Jumapili," amesema.

Kisha ameugeukia ukuta akalia, mara ya kwanza tangu barua ije. Nami nimelia. Nimeinamia daftari ili asinione, na bei ya sukuma wiki imefutika yote.

Nimefikiri sana jioni hii. Nimeona kosa langu lilikuwa wapi. Nililinganisha miji miwili tu! Wanasema Kaplong fungu la sukuma ni shilingi kumi. Nimeshachora safu ya tatu, na kesho naamka mapema niende nikaulize vyumba.