Hotuba ya Kuzindua Mnara wa Kinyozi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye leo, kwa unyenyekevu mkubwa, ni mimi mwenyewe; waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Kumbukumbu, ambao wawili kati yao ni shemeji zangu; mama mjane wa marehemu kinyozi, uliyeketi pale mbele; ndugu wananchi mliosimama juani; itifaki imezingatiwa. (Makofi ya watu watatu.)

Tumekusanyika kuuzindua mnara wa kinyozi wetu, aliyechukuliwa na askari wa yule Mtukufu Rais wa zamani kwa kosa la kuigiza kikohozi cha Mtukufu huyo huku akinyoa wateja. Na alikiigiza, jamani! Alikohoa, akafunga vifungo vya koti asilokuwa nalo, akauamuru wembe umpigie saluti. (Kicheko.) Mtu aliingia kibandani akimwogopa Mtukufu, akatoka akimwona ni mzee mwenye mafua tu. Kitaalamu, huo ndio mkakati shirikishi wa kulivua jitu kofia likabaki mtu.

Nami niliteseka, ndugu zangu. Siku ile nilikuwa kitini, shavu moja limenyolewa. Kinyozi akachukuliwa, mimi nikatembea na ndevu za upande mmoja mpaka zikalingana zenyewe! (Sauti: "Pole, jemedari!" Kicheko kirefu.) Ahsante. Jeraha hilo ndilo lililonipa uenyekiti, pamoja na tumbo hili, ambalo hufika vikaoni kabla yangu.

(Mjane anasimama: "Mwenyekiti, mwanangu, mnara sikuuomba. Nimekuja kuuliza walimzika wapi mume wangu. Niende nikakae naye kidogo, nimwambie ana wajukuu.")

Swali zito, mama, na limepokelewa. Nakuhakikishia, mbele ya wadau wote, kwamba asilimia tisini na saba ya jibu iko tayari; iliyobaki ni mahali tu. (Miguno.) Tutaliundia kamati ndogo, itakayosimamiwa na kamati kubwa, nami nitaziongoza zote mbili kwa kujitolea, posho ikiwepo.

Kinyozi oyee! ("Oyee!") Kumbukumbu oyee! ("Oyee!") Kamati oyee! (Mtu mmoja: "Oy—" Mkewe anamziba mdomo.)

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru mama huyu kwa kutuazima shuka la kitandani kwake, tulilolitandaza juu ya viti hivi vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, pale ambapo mnara ungesimama kama ungejengwa. Mama, shuka utarudishiwa leo hii hii, tena limekunjwa vizuri. Mume, mchakato unaendelea.