Mwalimu Wangu wa Suti Nyeupe

Jumatatu, 4 Machi

Bahati imebisha hodi! Daktari ametukusanya mapokezi asubuhi: mimi, dada wa sindano za ganzi na Bwana Tai. Akasema kuna wahandisi wageni wanajenga daraja, na wanatafuta kliniki ya meno ya kutibu kikosi chao kizima. Ijumaa wanakuja kutukagua. Hawajui lugha nyingine ila Kiingereza. Atakayewapokea vizuri atakalia kiti cha mapokezi moja kwa moja.

Kiti chenyewe kinazunguka. Sasa hivi anakikalia Bwana Tai, anayevaa tai hata kwenye joto la kuyeyusha mshumaa. Mimi nakaa chumba cha nyuma nachemsha koleo. Kila nikipita anazunguka mara moja, taratibu. Makusudi!

Lazima nikipate. Mama Mkwe, tunayeishi naye tangu nyumba yake ianze kuvuja, nilishamwambia kiti ni changu. Ilinitoka tu siku moja, alipokuwa ananisifia mkwe wake mwingine. Leo katangaza kwamba Ijumaa anakuja na gego lake bovu ili aone mkwe wake anavyokalia kiti. Mke wangu anajua ukweli wote. Kaniangalia, kaendelea kukunja nguo.

Bwana Tai ameshafungua kamusi. Maskini! Jirani yangu fundi simu kaniambia wenye Kiingereza chao misemo yao ya kila siku wanaiokota kwenye filamu. Kwa nini nihangaike na kamusi? Kanipa flashi yenye filamu moja ambayo, anasema, huko kwao kila mtu anaongea kwa maneno yake.

Jumanne, 5 Machi

Nimeanza masomo. Shujaa wa filamu hafai kabisa. Anakimbia, anahema, anaongea huku magari yanalipuka. Neno moja sikulipata.

Lakini yupo mzee mmoja wa suti nyeupe. Lo! Huyo ndiye mwalimu. Anaketi, anamwagilia maua yake, anaongea polepole, kila neno limekamilika. Hapandishi sauti. Na heshima aliyonayo! Kila anayeongea naye anatokwa jasho. Maandishi ya Kiswahili yapo chini, kwa hiyo naandika Kiingereza chake na maana yake bila shida.

Mama Mkwe kasema yule mtu si mzuri, nimtazame anavyofunga milango. Nikamwambia ule unaitwa upole. Saa mbili akachukua rimoti kuangalia tamthilia yake, kama kawaida, filamu ikakatika katikati. Haina neno. Misemo ipo mwanzoni, mwishoni watu wanapigana tu.

Jumatano, 6 Machi

Nimekariri kama kasuku. "Karibu, tumekusubiri kwa muda mrefu sana." "Familia yako haijambo? Najua wanapoishi." "Usiogope, itakuwa haraka." Watu waungwana hawa! Wanauliza mpaka habari za familia.

Nimemjaribia dada wa ganzi. Kaangusha sindano. Nimempa mgonjwa mmoja kwenye simu, anayejua Kiingereza. Kakata simu na kahamia kliniki nyingine. Wivu upo kila mahali.

Halafu mbinu ya pili. Nimenunua mfuko wa pipi ngumu, nikampa Bwana Tai kwa tabasamu. Lengo: jino limuume, Ijumaa asiweze kufungua mdomo. Akakataa. Akasema mtu anayefanya kazi kwa daktari wa meno hali pipi. Anavyojidai! Sikutaka zipotee bure, nikazila zote mwenyewe.

Alhamisi, 7 Machi

Jino linaniuma! Shavu limevimba upande mmoja, limekuwa kama andazi. Mke wangu kauliza kama nimepigana. Nikasema ni uchovu wa masomo.

Lakini ajabu. Nikiongea sasa, sauti inatokea pembeni mwa mdomo, nzito, ya chini. Mzee Suti mtupu! Sikumwambia Daktari, asije akaniharibia matamshi.

Jirani kaniazima suti nyeupe aliyofungia ndoa. Suruali inaishia juu kidogo ya vifundo vya miguu. Nyuma ya meza haitaonekana.

Ijumaa, 8 Machi

Leo lazima niandike.

Asubuhi nikamwambia Bwana Tai kwamba Daktari anamtuma pamba, duka la ng'ambo ya soko. Akaenda. Nikakalia kiti. Nikazunguka. Mama Mkwe akaingia, akaniona, akakaribia kulia kwa furaha, akapelekwa ndani kwa Daktari na gego lake. Hapo nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote. Ningekufa dakika ile nisingelalamika.

Wageni wakafika watatu, mkubwa wao mwanamama mrefu mwenye kofia ya kazi. Nikafunga mlango nyuma yao, taratibu, kama mwalimu. Nikafunga na komeo. Nikaanza kumwagilia maua ya mezani. Ni ya plastiki, maji yakamiminika mpaka kwenye viatu vya mwanamama. Sikujali. Nikasema kwa upande wa mdomo kwamba tumewasubiri kwa muda mrefu sana.

Wote watatu wakarudi nyuma hatua moja. Heshima hiyo! Nikauliza hali za familia, nikaongeza kwamba najua wanapoishi. Yule kijana wao akaanza kutokwa jasho. Nilifurahi sana. Nikainama, nikasema wasiogope, itakuwa haraka.

Na hapohapo, chumba cha ndani, Mama Mkwe akapigwa sindano ya ganzi. Alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa binadamu.

Kijana akatoka kwa dirisha. Dirisha lilikuwa limefungwa nusu. Mwenzake akapanda juu ya meza. Mwanamama akaniuliza, kwa sauti ndogo, wafanye nini ili niwaachie. Nikatafuta kichwani jibu la adabu. Nikampa lile la mwalimu: hakuna anayeondoka hapa na meno yake yote.

Daktari akatokea na koleo mkononi, koti lina damu kidogo. Sitaki kuandika kilichofuata.

Bwana Tai ndiye aliyekuja kugonga mlango, na maboksi ya pamba. Daktari akamfungulia komeo, naye akawaambia sentensi zake mbili kavu za kwenye kamusi: habari za asubuhi, samahani sana. Wakatulia! Kwa sentensi za hivyo! Mama Mkwe akatoka nusu ya mdomo imekufa ganzi, akanitazama kuanzia shavu mpaka vifundo vya miguu. Akaniuliza kiti ni cha nani. Nikamwambia ni cha Bwana Tai. Akasema si aliniambia yule mzee wa filamu si mzuri. Niliona aibu mpaka nikatamani ardhi ipasuke.

Jumamosi, 9 Machi

Daktari kaning'oa jino. Nahisi ganzi ilikuwa ya kubania. Nimerudi kwenye koleo. Wageni wamekubali kurudi Jumatatu, mara ya mwisho, kwa sharti kwamba nisionekane mapokezi. Wakikataa safari hii, Daktari amesema atapunguza mtu, na hakutazama kwa Bwana Tai.

Jioni Mama Mkwe kaniachia rimoti, kaniamuru niangalie filamu mpaka mwisho. Nimeangalia. Mzee Suti kumbe ndiye aliyekuwa anawaua wote! Akatumbukia kwenye zege bichi na suti yake. Nililia. Mama Mkwe alicheka kwa upande wa mdomo usiouma.

Jumapili, 10 Machi

Nimetafakari siku nzima na nimelijua kosa langu. Nilichagua filamu isiyofaa! Ya wanaume, ya fujo.

Leo nimeangalia tamthilia ya Mama Mkwe. Na yenyewe ni ya Kiingereza, kumbe hazina ilikuwa humu humu ndani! Kuna mama mmoja mjane, amevaa nguo nyeusi, anaongea polepole, kila neno limekamilika. Mkarimu ajabu. Kila mgeni anampikia chai kwa mkono wake. Mumewe wa tatu kafariki leo ghafla, masikini, kikombe bado kiko mkononi, na bado yule mama alipokea rambirambi kwa Kiingereza safi. Mama Mkwe kasema huyo naye si mzuri, akataka kunisimulia mwisho. Nikaziba masikio. Asiniharibie utamu.

Daktari kanipigia simu, kanisamehe nusu. Kesho nitawapelekea wageni chai chumbani kwake, si mapokezi, niweke, niondoke, nisiseme hata neno. Hata neno! Nani anaweka chai kimya kama jini? Nitasema msemo mmoja tu wa yule mama, nimeshaukariri, na nitausema huku natabasamu: "Kunywa yote, mpenzi. Hutahitaji kitu kingine tena."